MTOTO AMEMALIZA KIDATO CHA NNE: SASA TUFANYE NINI?

Somo la kikundi. Linatosha mikutano miwili. Anayesoma asome pole pole na asimame penye maswali. Wale wasiojua kusoma wapewe nafasi ya kuongea kwanza, kwa maana mara nyingi wao ndio wenye watoto wengi shuleni.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze kueleza:
(a) milango iliyo wazi kwa mtoto kulingana na gredi yake ya KCSE;
(b) tofauti kati ya kuomba nafasi na kuomba pesa;
(c) kazi ambayo kikundi chenyewe kinaweza kufanya ili mtoto asipotee njiani.

Wapendwa wanavikundi,

Mwaka juzi nilikuwa nimekaa na kikundi cha akina mama hapa Kondele, tukipiga hesabu ya michango. Mama mmoja anayeuza omena sokoni alingoja wenzake waondoke, ndipo akaniambia, "Mwalimu, wangu aliitwa chuo kikuu, lakini hakwenda."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Barua ilikuja, tukafurahi, tukachinja kuku. Tulijua ukishaitwa na serikali, basi serikali inalipa. Kumbe kulikuwa na maombi mengine ya pesa, na sisi hatukuyajaza. Siku ya kuripoti tukaulizwa karo yote. Tukarudi nyumbani."

Kikundi chake kilikuwa na watu 20, na sandukuni mlikuwa na pesa. Wenzake hawakujua kwamba kuna mtoto aliyeitwa chuo. Mama aliona haya kusema, maana angeonekana anaomba. Na mimi niliyekuwa nikiwatembelea kila mwezi sikuwa nimeuliza. Kwa hiyo kosa si la mama peke yake. Ndiyo sababu ninaandika somo hili.

1. GREDI NA MILANGO

Hapa kwetu matokeo yakitoka, mtu huuliza swali moja tu: "Amepata C+?" Akiwa hajapata, nyumba inanyamaza kama ya matanga. Hiyo si haki kwa mtoto. Hebu tuangalie milango yote.

- C+ na kupanda: anaweza kuomba digrii katika chuo kikuu.
- C- na kupanda: anaweza kuomba diploma.
- D na kupanda: anaweza kuomba setifiketi ya ufundi.
- D- au E: anaweza kuomba kozi ya artisan, yaani ngazi ya kwanza ya fundi.

Hizo ni gredi za jumla. Kozi nyingine zina masharti zaidi ya masomo. Anayetaka uhandisi ataulizwa hesabu na fizikia. Anayetaka uuguzi ataulizwa biolojia. Kwa hiyo usitazame gredi ya jumla peke yake. Chukua karatasi ya matokeo, mtazame somo moja moja pamoja na mtoto.

Jambo la pili la kukumbuka: milango hii imeungana kama ngazi. Mwenye D anaweza kuanza na setifiketi, akafaulu, akaendelea na diploma, na kutoka diploma akaomba digrii. Njia hiyo ni ndefu kuliko ya mwenye C+, lakini inafika. Na yule wa njia ndefu hupata kazi ya mikono akiwa bado anapanda. Fundi wa umeme mwenye setifiketi anaweza kujilipia diploma yake.

Vyuo haviko mbali. Kwa digrii kuna Chuo Kikuu cha Maseno, ambacho kilikuwa chuo kikuu kamili mwaka 2001. Kuna kile cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2013, na kuna Chuo Kikuu cha Tom Mboya pale Homa Bay. Kwa diploma na ufundi kuna Kisumu National Polytechnic hapa mjini. Kuna pia RIAT, ambayo wazee wetu waliijenga kwa harambee. Si haba.

Na kijana ambaye tayari ni fundi wa jua kali bila karatasi? Asikate tamaa. NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ina kituo hapa Kisumu. Fundi hupimwa kazi yake, na akifaulu hupewa cheti cha gredi.

Swali: Katika kikundi chetu, ni vijana wangapi wako nyumbani kwa sababu tuliwaambia "umeanguka"? Gredi zao ni gani?

2. MAOMBI YA KWANZA: NAFASI

Zamani nafasi za vyuo vikuu vya umma ziligawanywa na bodi iliyoitwa JAB. Sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012 ilileta shirika jipya liitwalo KUCCPS. Hili linapanga wanafunzi katika vyuo vikuu na pia katika vyuo vya diploma na ufundi. Kwa hiyo hata mwenye D anaomba kupitia huko huko. Watu wengi hawalijui hilo.

Maombi hufanywa kwa mtandao. Miaka ya karibuni matokeo ya KCSE yametoka mwezi wa Januari, na KUCCPS hufungua maombi baadaye, kwa wiki chache tu. Ada ya maombi ya kwanza imekuwa shilingi 1,500, inalipwa kwa simu. Sikilizeni redio na mwulize shule aliyotoka mtoto, maana tarehe hubadilika kila mwaka. Vyuo vya ufundi vinapokea wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka. Aliyekosa Januari asiseme mwaka umeisha.

Kozi za digrii hupewa watu kwa pointi. A ni pointi 12, C+ ni pointi 7. Kila kozi ina masomo yake manne inayoyatazama; ukiwa na A katika yote manne ni 48, na hicho ndicho kilele. Kompyuta ya KUCCPS hupiga hesabu, na kijana akifungua ukurasa wake ataziona pointi zake. Ataona pia pointi za mtu wa mwisho aliyechukuliwa katika kozi hiyo mwaka uliopita. Hapo ndipo penye busara yote. Kama pointi zake ni 30 na wa mwisho mwaka jana alikuwa na 43, kuijaza kozi hiyo katika nafasi zote ni kama kutupa nyavu kwenye mchanga.

Mshauri mtoto ajaze hivi: kozi moja anayoitamani hata kama iko juu kidogo, nyingine zinazolingana na pointi zake, na angalau moja ambayo ana uhakika nayo. Akikosa awamu ya kwanza, kuna awamu ya kurekebisha maombi. Akipata kozi asiyoitaka, kuna muda wa kuomba kuhamishwa kwenda kozi nyingine.

Tahadhari: usimwache kijana wa saiba achague kozi. Yeye kazi yake ni kupiga chapa, naye ana foleni. Mtoto aende na karatasi aliyokwisha kuiandika nyumbani, tena aende na mtu mzima. Namba ya siri aijue yeye mwenyewe, aiandike daftarini nyumbani.

3. MAOMBI YA PILI: PESA

Hapa ndipo mama yule wa omena alipopotea. Shikeni neno hili: KUPATA NAFASI SI KUPATA PESA. KUCCPS ikimaliza kazi yake, mtoto lazima afanye maombi mengine, naye asingoje kuitwa. Nafasi za kuomba pesa nazo hufungwa.

Kwanza tujue pesa hizi zinatoka wapi. Tangu mwaka 1974 serikali ilikuwa ikiwakopesha wanafunzi wa chuo kikuu, lakini wengi hawakurudisha. Mwaka 1995 Bunge likaunda bodi ya mikopo, HELB, ili pesa zizunguke: aliyemaliza alipe, anayeanza akope. Sisi wa vyama vya mzunguko tunaelewa hilo vizuri. Mwenzako asiporudisha, wewe hupati. Riba ya mkopo huu kwa wanafunzi wa digrii imekuwa asilimia 4 kwa mwaka, na kulipa huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Kwa hiyo mtoto ajue mapema kwamba huu ni mkopo, wala si zawadi.

Mwaka 2023 serikali ilibadilisha mpango. Sasa pesa ziko za aina mbili. Kuna ufadhili, ambao haurudishwi, na kuna mkopo wa HELB, ambao unarudishwa. Sehemu inayobaki ni ya jamaa. Kiasi cha kila mmoja hutegemea hali ya nyumbani. Mwaka 2024 wanafunzi wa vyuo vikuu waliwekwa katika makundi matano, wanaita bendi:

- Bendi ya 1: ufadhili asilimia 70, mkopo 25, jamaa 5.
- Bendi ya 2: ufadhili 60, mkopo 30, jamaa 10.
- Bendi ya 3: ufadhili 50, mkopo 30, jamaa 20.
- Bendi ya 4: ufadhili 40, mkopo 30, jamaa 30.
- Bendi ya 5: ufadhili 30, mkopo 30, jamaa 40.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kozi ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Jamaa ya bendi ya 1 italipa 10,000. Jamaa ya bendi ya 5 italipa 80,000. Tofauti ni 70,000! Kwa hiyo namna fomu inavyojazwa ni jambo kubwa. Nimeona mzazi akijaza kwamba ana biashara, na biashara yenyewe ni karai la mandazi. Wengine huona haya kuandika kwamba baba alifariki, au kwamba mtoto alilipiwa shule na parokia. Ndugu zangu, hapa si mahali pa haya. Andika ukweli wote, usipunguze wala usiongeze. Mtu akiona amewekwa bendi isiyo yake, anaweza kukata rufaa kwa mtandao huo huo, akiwa na karatasi za kuthibitisha.

Wa vyuo vya ufundi nao huomba ufadhili na mkopo. Mpango huo ulipoanza, karo ya vyuo hivyo vya umma ilipangwa kuwa shilingi 67,189 kwa mwaka, kabla ya kutoa msaada wa serikali. Yaani hata ufundi usimlipie mtoto pesa yote kutoka mfukoni kabla hajaomba.

Mambo matatu ya kuangalia:

(i) Chini ya mpango wa 2023, ufadhili ni wa waliopelekwa na KUCCPS katika vyuo vya umma. Aliyepelekwa chuo kikuu cha binafsi anaweza kuomba mkopo, lakini hapati ufadhili. Hiyo ni pamoja na vyuo vya kanisa letu. Ninasema hivyo si kwa kuvidharau, bali mzazi ajue kabla ya kuchagua.

(ii) Mpango huu umekuwa mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema ni kinyume cha Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo kwa muda. Karo za kozi nazo zimebadilishwa. Kwa hiyo asilimia nilizoandika hapo juu ni za kujifunzia. Kila mwaka mwende mkaulize upya. Hapa Kisumu, HELB ina meza katika Kituo cha Huduma mjini, na kuuliza ni bure.

(iii) Pesa za matumizi ya mwanafunzi hazimngojei langoni siku ya kwanza. Nauli, godoro, na chakula cha wiki za mwanzo ni juu yetu. Watoto wengine hurudi nyumbani kwa sababu ya njaa ya mwezi mmoja, na karo yao ilikuwa imelipwa.

Swali: Ni nani kati yetu aliyewahi kujaza fomu ya serikali? Ni swali gani katika fomu lililomfanya aone haya?

4. MISAADA MINGINE

Basari ya eneo bunge imesaidia wengi tangu mfuko wa CDF ulipoanza mwaka 2003. Lakini Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfuko huo ukome Juni 30, 2026. Basi mtu asipange maisha ya mtoto juu ya mfuko huo peke yake. Pitieni ofisi ya eneo bunge mwulize hali ilivyo. Ulizeni pia ofisi ya wadi habari za basari ya kaunti. Parokia nayo iulizwe, lakini tusiifanye kuwa ya kwanza. Parokia husaidia vizuri zaidi inapoona kikundi kimeanza chenyewe.

Jihadharini na watu wawili. Wa kwanza ni yule anayesema, "Nipe elfu tano, nina mtu wangu ndani." Nafasi na ufadhili haviuzwi, na huyo hutamwona tena. Wa pili ni mwenye chuo cha chumba kimoja ghorofani, kina bango kubwa lakini hakina kibali. Chuo cha ufundi lazima kiwe na leseni ya TVETA. Chuo kikuu lazima kitambuliwe na Tume ya Elimu ya Chuo Kikuu. Uliza kabla ya kulipa hata shilingi moja, kwa maana cheti cha chuo bandia hakifungui ofisi yoyote. Na ukilipa, shika risiti.

5. KARATASI

Wengi huzuiwa na karatasi kuliko gredi. Mtoto akiwa bado Kidato cha Nne, anzeni kutafuta hizi:

- Cheti cha kuzaliwa. Angalieni kwamba majina yanafanana na yale ya mtihani. Kama shuleni ameandikwa jina moja na cheti kina jingine, rekebisheni sasa.
- Kitambulisho, mara anapofikisha miaka 18. Asingoje wiki ya kufunga maombi.
- Namba zake za mtihani na mwaka aliofanya.
- Namba za vitambulisho vya wazazi, na simu zao.
- Cheti cha kifo, kama mzazi amefariki.
- Barua ya aliyemlipia karo ya sekondari, kama alifadhiliwa.
- Laini ya simu iliyo kwa jina lake mwenyewe, asiyoibadilisha kila mwezi.

Zote ziwekwe katika bahasha moja, na nakala ikae kwa mtu mwingine. Nyumba zetu za Manyatta na Nyalenda zinajua mafuriko na moto.

6. KAZI YA KIKUNDI

Si jambo geni kwetu. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja. Masomo yalitafutwa kule, lakini huku nyumbani jamaa na majirani walichanga pesa ili vijana wasiende mikono mitupu. Vyuo kama RIAT vilifuata moyo huo huo. Kwa hiyo tukisema "haya ni mambo ya waliosoma," tunawasahau wazee wetu ambao hawakusoma na walichanga.

Ninapendekeza mambo matano:

Moja, daftari. Kila mwezi wa Septemba katibu aandike jina la kila mtoto wa Kidato cha Nne katika kikundi, na wa jirani asiye na kikundi. Aliyeandikwa hataombwa ajieleze, ataulizwa tu, "Umefika wapi?" Hilo linaondoa haya.

Mbili, msindikizaji. Mchague mtu mmoja, ikiwezekana kijana aliye chuoni au aliyemaliza, aandamane na watoto siku ya KUCCPS na siku ya kuomba pesa. Mpeni nauli na chai.

Tatu, kalenda ukutani: kitambulisho, matokeo, KUCCPS, ufadhili na mkopo, kuripoti. Kila hatua ikikamilika, mtie alama.

Nne, mfuko mdogo wa elimu, mbali na mzunguko wa kawaida. Watu 20 wakitoa shilingi 50 kwa wiki ni 1,000 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni 52,000. Rudini kwenye hesabu yetu ya bendi ya 1: pesa hizo zinatosha sehemu ya jamaa ya wanafunzi watano, na 2,000 inabaki. Au zinanunua magodoro na nauli za wengi zaidi. Kikundi kiamue mapema kama ni msaada au mkopo, na kiandike.

Tano, wasichana. Mara nyingi pesa zikiwa kidogo, mvulana huenda na msichana huambiwa angoje. Kikundi kiwe na sheria yake kwamba anayesaidiwa kwanza ni yule ambaye siku yake ya kufungiwa iko karibu, awe mvulana au msichana.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika hadithi ya mama wa omena, ni mahali gani ambapo mtu angeweza kuuliza swali moja na kumwokoa msichana?
2. Kwa nini tunasemana haraka kwa matanga, lakini tunanyamaza mtoto akiitwa chuo?
3. Mtoto amepata D+. Anataka kuwa mhandisi. Mweleze njia yake, ngazi moja baada ya nyingine.
4. Kozi ni shilingi 150,000. Jamaa iko bendi ya 2. Italipa ngapi? (Jibu: 15,000.)
5. Kabla ya mkutano ujao, nani atakwenda Kituo cha Huduma kuuliza tarehe za mwaka huu? Andikeni jina lake.

MWISHO

Nehemia alipojenga upya ukuta wa Yerusalemu, alimpa kila mtu sehemu, wengine wakajenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Nasi tusingoje kumaliza shida za elimu za Kenya nzima. Sehemu yetu ni watoto walioandikwa katika lile daftari.

Msichana wa mama yule hakubaki nyumbani milele. Mwaka uliofuata kikundi kilimwandika, akaomba tena, safari hii diploma karibu na nyumbani, na maombi ya pesa yakajazwa kwa wakati. Mama bado anauza omena pale pale. Lakini tulipokutana mara ya mwisho hakungoja wenzake waondoke. Aliinua mkono katikati ya mkutano akasema, "Jamani, jirani yangu naye ana mtoto wa Fomu Foo. Mwandikeni."

Basi mwandikeni. Mungu awabariki.